Isipokuwa za Ajida Gratien

Askari walikuwa mlangoni, hawakuwa na karatasi, na sahani ya maharage ilikuwa bado mezani ikifuka moshi.

Hapo ndipo tulipomwacha Shami wiki iliyopita, mkono wake ukiwa kwenye komeo. Kimisagara, mwaka 1992, mwezi wa Ramadhani, alasiri ya jua kali. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na watu watatu. Wawili walikuwa na saumu. Wa tatu alikuwa akila.

Huyo wa tatu ni Mugenzi, mwalimu wa Niboye, kaka yake Umuhoza, mke wa Shami. Kosa lake ni dogo kuliko punje ya mtama. Alikaa kwenye baa moja ya Gisimenti akasema vita haviishi kwa kukamata watu. Meza ya pili alikaa mtu ambaye huwa halipii bia zake. Kesho yake walimu wawili waliokuwa naye, ambao kazi yao usiku ule ilikuwa kucheka tu, walichukuliwa na gari. Wake zao bado wanazunguka kuuliza.

Mugenzi alikimbilia kwa dada yake. Tangu hapo analala nyuma ya marobota ya chagua, zile nguo za mitumba ambazo Shami huuza sokoni. Wakimpata, ataenda walikokwenda wenzake.

Mlango ukagongwa tena, sasa kwa kiatu.

"Mswahili! Fungua. Najua iko watu ndani." Mswahili, pale, maana yake Mwislamu.

Shami akageuka. Umuhoza alikuwa ameshamshika kaka yake mkono, anamvuta kuelekea mlango wa nyuma. Alimtazama mumewe tu, na Shami akaelewa: wape maneno, mimi nimpe njia.

Akafungua. Hakufungua wote. Alifungua kiasi cha kupitisha bega, halafu nafasi ile akaijaza kwa mwili wake, na Mungu alikuwa amemjalia mwili.

Nje alisimama Ajida Gratien, mkubwa wa askari wale, mtu mfupi, nadhifu, mwenye sauti ya upole kama anayekuuzia dawa ya meno. Nyuma yake kaporali mmoja mwenye bunduki. Dereva alibaki kwenye pikapu.

"Karatasi iko wapi, Ajida?" Shami akauliza kabla hajasalimiwa.

Kaporali akacheka. Ajida hakucheka.

"Karatasi gani?"

"Ya kupekua nyumba. Yenye muhuri. Bila karatasi huingii kwa mtu. Ndiyo sheria."

"Nani alikufundisha sheria, wewe muuza suruali za wazungu?"

"Nimeuliza karatasi, Ajida. Sijauliza suruali."

Aliyemfundisha alikuwa wakili mmoja anayenunua makoti kwake. Siku moja, akijitazama kwenye kioo cha Shami, alimwambia: siku hizi si kama zamani, bwana, vyama viko vingi, magazeti yanaandika. Wakija bila karatasi, simama mlangoni usitoke. Shami alifurahi hata akampunguzia bei ya koti.

Wakili alimpa sheria. Hakumpa isipokuwa zake.

"Umesema kweli," Ajida akasema, kwa sauti ileile. "Bila karatasi siingii. Isipokuwa." Akainua kidole gumba. "Isipokuwa mwenye nyumba akinikaribisha mwenyewe. Basi nikaribishe. Unaogopa nini?"

"Siogopi kitu. Sikukaribishi."

"Mbele ya majirani wako?"

Majirani walikuwa wameshaanza kujaa. Mafundi walipanda kutoka gereji ya bondeni, mikono myeusi kwa oili. Wanawake walitua ndoo zao. Kimisagara nyumba zimepandana mlimani kama ngazi, na ugomvi wa mlango mmoja ni sinema ya milango ishirini.

"Mbele yao," Shami akasema. "Na wasikie vizuri."

"Haya. Basi nipe maji tu. Jua hili litaniua."

Hapo Shami alibanwa. Mtu akikuomba maji mlangoni, hata awe adui, unampa. Ukimnyima, watoto wa mtaa watakuimba mpaka uhame. Akanyoosha mkono nyuma bila kutoka mlangoni, akashika jagi lililokuwa juu ya stuli, akamimina kikombe.

Ajida alikipokea, akakinusa, akakirudisha.

"Onja kwanza."

Nayo hiyo ni desturi. Anayekupa kinywaji anakionja mbele yako, ujue hakuna sumu. Hakuna mtu katika nchi ile aliyeona ajabu.

"Nina saumu, Ajida."

"Kweli. Samahani. Basi mke wako aje aonje."

"Naye ana saumu."

Ajida Gratien akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akasimama kwa ncha za vidole, akachungulia juu ya bega la Shami, akatazama mezani.

"Wewe una saumu," akasema polepole, watu wote wasikie. "Mke wako ana saumu. Watoto Mungu hajawapa bado. Sahani ile inayotoka moshi ni ya nani?"

Shingo zikanyooka kuelekea mlangoni.

Shami alitamani kujipiga kofi. Alikuwa amezuia miguu ya Ajida, hakuzuia macho yake.

Ajida akainua kidole cha pili. "Isipokuwa ya pili. Kitu kikionekana kutoka mlangoni, jicho halihitaji karatasi. Na mimi jicho langu linaniambia iko mtu mnamlisha humu mchana, na huyo mtu hataki kutuamkia."

Jibu lilikuwepo. Lilikuwa kwenye ulimi wa Shami. Mwanamke ana siku zake za mwezi ambazo hafungi, na dini imemruhusu. Angesema hivyo, mambo yangeisha. Lakini mwanamume hatangazi habari za mkewe mtaani, mbele ya mafundi na askari, kwa sauti.

Kaporali akasogeza mguu.

"Sahani ni yangu!"

Watu wakageuka. Aliyesema ni Bigirimana, fundi wa gereji, jitu lenye oili mpaka kwenye viwiko na spana kubwa kiunoni.

"Yako?" Ajida akauliza.

"Yangu. Mimi Mkatoliki, Ajida, kwetu hakuna Ramadhani. Nakulaga hapa kila siku saa hii. Shemeji Umuhoza ananiwekea."

"Chakula kiko ndani, wewe uko nje. Kwa nini?"

"Si wewe umeziba mlango? Toka nipite, maharage yanapoa!"

Mtaa ukapasuka kwa kicheko. Shami akanyoosha mkono, meza ilikuwa karibu, akainyakua sahani na kumpa. Bigirimana akakaa kwenye ngazi, miguuni pa Ajida, akala. Alikula yote, kwa kijiko cha Mugenzi, bila haraka.

"Leo pilipili ni kidogo," akasema. "Mwambie shemeji."

Msije mkadhani Bigirimana alijua kitu. Hakujua. Yeye aliwaza kile ambacho mtu yeyote mzima angewaza: kwamba Umuhoza yuko katika siku zake, na huyu askari anataka kumfedhehesha rafiki yake. Alimwokoa Shami na aibu. Habari za Mugenzi hakuzisikia, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Shami alivuta pumzi. Nyuma yake, mbali, alisikia mlango wa nyuma ukilia kidogo, halafu ukinyamaza. Kaza, alijiambia. Kidogo tu.

"Tumalize, Ajida," akasema. "Sahani imepata mwenyewe. Karatasi nayo imtafute mwenyewe. Nenda ulete."

Ajida akanusa hewa.

"Nasikia harufu ya kanyanga."

"Ya nini?"

"Pombe ya wizi. Inatoka humu. Hii ni isipokuwa ya tatu, Mswahili, na hii ndiyo kubwa. Kosa likikutwa bado bichi halingoji karatasi."

"Kanyanga kwa Mwislamu? Ramadhani?"

"Pua yangu haijui dini."

"Ajida!" Bigirimana akasema, mdomo umejaa. "Mimi nimekaa karibu, nakuambia ukweli. Harufu inatoka kwa kaporali wako! Macho yananiwasha!"

Sasa watu walicheka mpaka mwanamke mmoja akamwaga ndoo yake. Kaporali alitazama chini. Ni kweli alikuwa amekunywa, na kila mtu aliyesimama upande wa upepo aliweza kula kiapo.

"Karatasi!" kijana mmoja akapiga kelele kutoka nyuma.

"Karatasi! Karatasi iko wapi?"

Mtaa mzima ukaitikia. Wanawake wakapiga makofi. Shami, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, aliisikia sheria mgongoni mwake kama ukuta wa matofali. Hakuwa ametukana mtu, hakuwa amepiga mtu. Aliuliza karatasi tu, na serikali yenye bunduki imesimama juani haina jibu.

Ajida Gratien akavaa kofia yake.

"Kaporali. Zunguka nyuma."

Kaporali akaondoka. Njia ya kwenda nyuma ni ndefu, lazima ushuke mpaka bombani halafu upande tena. Shami alipiga hesabu haraka. Mugenzi ana muda. Atakuwa ameshavuka ua.

Lakini Ajida hakuondoka, wala hakukasirika. Alikaa kwenye ngazi kando ya Bigirimana kama mtu aliyekuja kupunga upepo, na sasa aliongea kwa sauti ndogo, ya Shami peke yake.

"Mimi sina haraka, bwana. Umewahi kukamata panya? Huingizi mkono shimoni, atakuuma. Unakaa mlangoni, unapiga kelele. Anatoka mwenyewe upande wa pili."

Shami akageuza kichwa kuelekea mlango wa nyuma.

Muda wote ule alidhani anamchelewesha Ajida. Kumbe Ajida ndiye aliyekuwa akimchelewesha yeye. Maji, sahani, kanyanga, vyote vilikuwa kelele za mlangoni.

Kabla hajafungua kinywa, bati likalia.

Lililia kama ngoma, chini, nyuma ya nyumba. Mjue jinsi pale palivyo: nyuma ya nyumba ya Shami kuna ua wa minyaa, na chini ya ua huo ndipo lilipo paa la nyumba ya mukecuru Illuminée, bibi kizee mjane, aliyempokea Umuhoza mtaani kama mtoto wake. Anayeruka ua haanguki kwenye udongo. Anaangukia bati la Illuminée.

Mugenzi, mwalimu wa Niboye, hakuyajua hayo.

"Igisambo!" Sauti ya mukecuru ikapanda mlimani. "Mwizi! Mwizi ametoka kwa Shami! Muntabare! Nisaidieni!"

Umuhoza alikuwa ametaka kumwambia mukecuru siri tangu siku ya kwanza. Shami ndiye aliyekataa. Alisema siri ikishapata mdomo wa tatu si siri. Illuminée angemficha Mugenzi chini ya kitanda chake na kuketi juu yake akisali rozari. Lakini hakuambiwa. Aliona mwanamume asiyemjua, kifua wazi, akiporomoka kutoka nyumba ya mwanawe, basi akafanya anachotakiwa kufanya jirani mwema. Alipiga ukelele.

Na Kimisagara ukelele hauachwi. Usipouitikia wa mwenzako, siku yako ikifika utalia peke yako mpaka sauti ikauke. Ukisikia, unatupa ulichoshika, unakimbia. Huulizi.

Bigirimana alitupa sahani. Alikuwa wa kwanza kukimbia, spana mkononi. Nyuma yake mafundi wote, na wale vijana waliokuwa wakiita karatasi, na wanawake wakiwa na mawe. Mtaa uleule, watu walewale. Walimpenda Shami, na mtu amethubutu kuiba nyumbani kwake wakati yeye anasumbuliwa na askari!

Ajida alisimama taratibu, akapangusa suruali yake vumbi. Akainua kidole cha nne.

"Watu wakimkimbiza mtu kwa kelele, nani anangoja karatasi?"

Shami hakumsikia vizuri. Alikuwa ameshauacha mlango.

Alikimbia kushuka, alianguka, aliinuka. Alipofika uani kwa Illuminée, duara lilikuwa limefungwa. Mugenzi alikuwa chini, mguu mmoja umekunjika vibaya. Jiwe lilikuwa limempiga kwenye nyusi na damu imeziba jicho. Hakuwa akisema neno. Angesema nini? Akisema jina lake, amejikabidhi. Asiposema, ni mwizi, na mwizi aliyekamatwa bondeni huwa hafiki jioni.

"Piga!"

"Kichwani! Piga!"

Bigirimana alikuwa ameinua spana.

Tazameni alipowekwa Shami. Akinyamaza, rafiki yake atamuua shemeji yake mbele ya macho yake, kwa mapenzi mema. Akisema, Ajida huyo hapo, mita chache, anasikiliza. Hakukuwa na mlango wa tatu. Alitafuta. Aliona tu spana ikianza kushuka.

"Mwacheni!" Sauti yake ilimshtua mwenyewe. "Mwacheni! Si mwizi! Ni muramu wangu! Ni kaka yake Umuhoza!"

Spana ikasimama hewani.

Jiwe moja likaanguka, aliyekuwa amelishika hakujua kama amelishika. Illuminée aliweka mikono kichwani.

"Muramu wako?" Bigirimana akasema. "Shami. Muramu wako alikuwa ndani?"

"Ndiyo."

"Nimekula chakula chake?"

Shami alikuwa ameshapiga magoti kando ya Mugenzi.

"Kwa nini hukuniambia, sha? Nimekaa pale ngazini naongopa kwa ajili yako, ningeshindwa kuongopa na hili? Ningemshusha kwa kamba!"

"Sikutaka ujue."

"Basi sikujua!" Bigirimana akapiga kelele, na akaitupa spana kwa nguvu hata ikatoboa ndoo. "Umefurahi? Sikujua! Tazama nilichotaka kufanya!"

Ajida akapita katikati yao. Watu walimpisha. Wale waliocheka dakika chache zilizopita sasa walitazama miguu yao.

"Asanteni sana," akasema. "Mmefanya kazi nzuri, wananchi. Mwalimu Mugenzi, amka, twende." Akamgeukia Shami. "Na wewe, umekiri mwenyewe, mbele ya mtaa mzima. Unamficha mtu anayetafutwa. Sasa nyumba yako ni mahali pa kosa. Unataka nikuhesabie kidole cha tano?"

Kaporali hakungoja kidole. Alikuwa ameshaufikia mlango wa nyuma, ambao Umuhoza alikuwa ameufunga kwa ndani, akaung'oa na bawaba zake. Walipekua. Walipasua marobota kwa kisu, makoti na suruali zikamwagika uani kama matumbo ya ng'ombe. Walichukua redio. Walichukua kitambulisho cha Shami kutoka mfukoni mwa shati lake. Mswaki walimkanyagia. Umuhoza alisimama kwenye kona amejifunga kanga kifuani, hakulia, alimtazama Ajida kila alipokwenda kama anayejifunza sura yake.

"Huna haki!" Shami alisema. Alisema mara nyingi mpaka maneno yakawa hayana ladha. "Huna karatasi! Wakili wangu atasikia! Magazeti yatasikia!"

"Umesema vizuri," Ajida akajibu. Akatoa karatasi kwenye mkoba wake, nyeupe, haina muhuri, akaiweka mezani pale ilipokuwa sahani. Akaandika mistari miwili, akamsukumia kalamu.

"Soma."

Shami akasoma. Iliandikwa kwamba yeye, Shami, mfanyabiashara wa Kimisagara, aliwakaribisha askari nyumbani kwake kwa hiari yake, bila kulazimishwa.

"Sitii sahihi uongo."

"Umeuliza karatasi tangu mchana. Karatasi ndiyo hiyo."

"Sitii."

Ajida akavua kofia, akajipepea. Alionekana amechoka, na uchovu wake ndio uliomtisha Shami kuliko bunduki.

"Nikueleze, maana wakili wako hakukueleza. Ukitia sahihi, mimi nilikuja hapa kihalali, nilimkamata mtu kihalali, na jina lake linaandikwa kituoni, brigedi. Mtu aliyeandikwa, mke wake anamletea chakula. Wakili anamuuliza. Usipotia sahihi, mimi leo sikufika Kimisagara. Na kama sikufika, sikumchukua mtu. Hao walimu wawili wa Niboye, unajua majumbani kwao nani alitia sahihi?"

"Nani?"

"Hakuna."

Shami alimtazama mkewe. Umuhoza alitikisa kichwa, na mpaka leo Shami hajui kama alimaanisha usitie, au alikuwa akiikataa dunia nzima.

Alitia sahihi.

Aliandika jina lake kama mtoto wa darasa la kwanza. Ajida aliipuliza karatasi wino ukauke, akaikunja, akaitia mfukoni juu ya moyo.

"Ungenikaribisha tangu mwanzo," akasema, "mlango wako ungekuwa mzima."

Walimpakia Mugenzi nyuma ya pikapu, mikono imefungwa kwa mkanda wa suruali, mojawapo ya suruali za Shami. Bigirimana alisogea akamwekea shati begani, kaporali akalitupa chini. Mugenzi aliinua kichwa. Jicho lake lililo wazi lilimtafuta Shami.

"Shemeji," akasema. Ndilo neno pekee alilosema siku ile. "Hukukosea kupiga kelele."

Pikapu ikawaka.

Watu walishuka nayo kwa macho. Barabara ile inafika njia panda ya bondeni. Ukipinda kushoto unakwenda brigedi. Kila mtu wa Kimisagara anaijua hiyo kushoto, wamekwenda huko kutoa ndugu, kulipa faini, kutafuta baiskeli zilizoibwa. Kulia ni barabara ya kutoka mjini. Kulia hakuna brigedi.

Pikapu ikapunguza mwendo njia panda.

Ikapinda kulia.

"Shami," Bigirimana akasema, kwa sauti iliyokwisha. "Wamekosea njia?"

Upepo wa kitu kilichopita mbio ulimgusa Shami ubavuni. Alikuwa Umuhoza, peku, kanga imemfungukia mgongoni, anashuka mlima kwa namna ambayo mtu hukimbia mara moja tu maishani. Alimwita. Hakugeuka. Alimwita tena.

Hesabuni alichopoteza Shami mchana ule. Marobota mawili ya nguo. Redio moja. Mlango mmoja wa nyuma. Kitambulisho, ambacho bila hicho Shami hawezi kupita kizuizi chochote kumfuata mtu. Rafiki mmoja, aliyeketi kwenye mawe na kufunika uso kwa mikono ya oili. Sahihi moja ya uongo, kwa jina halisi. Mugenzi.

Na Umuhoza, ambaye alipofika njia panda, naye alipinda kulia.